Wameondoka, Wameondolewa au Wametimuliwa? Jinsi ya Kusoma Habari za Kambi ya Kigeni Inayopunguzwa

Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2024 nilikuwa zamu ya usiku. Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, nimetoka kufuturu, bakuli la uji wa pilipili manga bado limo mezani pembeni ya kompyuta. Kanali-Meja Amadou Abdramane, msemaji wa watawala wa kijeshi wa Niger, akatokea kwenye televisheni ya taifa lao akasoma tamko: Niger imefuta papo hapo makubaliano yanayowaruhusu wanajeshi wa Marekani, pamoja na watumishi raia wa wizara yao ya ulinzi, kuwapo nchini humo. Nami, mbio mbio niwahi taarifa, nikaandika kichwa cha habari: "Niger yawafukuza wanajeshi wa Marekani." Kikasomwa hewani.

Kesho yake mhariri akanipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Wamefukuzwa wakaenda wapi?"

Hawakwenda popote. Askari wapatao elfu moja walikuwa wangali Niamey na Agadez, wakila, wakilala, wakilinda geti, na wa mwisho wao walikaa hadi Septemba. Tangu siku hiyo nina daftari la jalada gumu, kila kambi na ukurasa wake, na nina utaratibu ambao sasa nawafundisha vijana wanaoanza kazi kwenye deski la habari za nje hapa Mombasa. Nimeuandika kwa ajili yao, lakini hata wewe unayesoma habari hizi kwenye simu ukiwa ndani ya matatu utakufaa.

Anza na karatasi, askari waje baadaye

Kambi ya kigeni inasimama juu ya karatasi. Karatasi hiyo husema askari akifanya kosa mtaani atashtakiwa na nani, mizigo ya jeshi italipiwa ushuru au la, ndege ziombe ruhusa kila zikiruka au ziwe na ruhusa ya jumla. Kilichofutwa usiku ule kilikuwa makubaliano ya mwaka 2012. Kwa hiyo kuanzia hapo askari walikuwapo, ila hadhi yao ya kisheria ilikuwa imeng'olewa. Ni kama mpangaji ambaye mwenye nyumba amechana mkataba wake huku vyombo vyake vingali ndani.

Hapo Kiswahili kinatupa neema ambayo wenzetu wengine hawana. Mashirika makubwa ya habari hutuletea neno moja linalomficha mtendaji. Sisi tuna kuondoka, kuondoa, kuondolewa, kutimuliwa, kuhama, kukabidhi. Kila kimoja kinasema nani ameamua na kwa sura gani. Basi usichague kitenzi mpaka ujue aliyetenda. Kichwa changu kilistahili kuwa: "Niger yafuta makubaliano ya kijeshi na Marekani." Si kitamu. Lakini ni cha kweli.

Soma pia karatasi inayofuata, ile ya kutengana. Tarehe 19 Mei 2024 pande mbili zilitoa taarifa ya pamoja: Wamarekani watamaliza kuondoka ifikapo tarehe 15 Septemba. Wengi walinakili tarehe hiyo wakaishia hapo. Mimi, nikiwa nimeshaungua mara moja, nikasoma hadi chini, nikakuta kwamba walikuwa wamekubaliana hata namna ya kutoa ruhusa za ndege za kijeshi kuruka na kutua, na za watu kuingia na kutoka. Maana yake ni kwamba bila ruhusa hizo hata kuondoka kwenyewe kungekwama. Na ilisemwa wazi kwamba kuondoka kwa askari hakuvunji uhusiano wa nchi hizo mbili katika mambo ya maendeleo. Sentensi kama hiyo usiiruke ukidhani ni ya kuremba. Mabalozi huipigania neno kwa neno.

Tazama ubalozi kabla ya kambi

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu Niger ilitupa mfano ambao ni nadra kuupata: watawala walewale, mwaka mmoja, majeshi mawili ya kigeni yakiondoka, na matokeo tofauti kabisa.

Mapinduzi yalikuwa tarehe 26 Julai 2023, Jenerali Abdourahamane Tiani akamwondoa Rais Mohamed Bazoum. Ufaransa, yenye askari wapatao 1,500 nchini humo, ilikataa katakata kuwatambua waliompindua. Mwisho wa Agosti balozi wake, Sylvain Itté, akapewa saa 48 aondoke. Paris ikajibu kwamba waliotoa amri hawana mamlaka ya kuitoa. Balozi akabaki amejifungia ubalozini kwa wiki kadhaa, na Rais Macron mwenyewe akasema anakula chakula cha akiba cha jeshi. Tarehe 24 Septemba Macron akatangaza kwamba balozi anarudi na askari wataondoka kabla ya mwaka kwisha. Wa mwisho aliondoka tarehe 22 Desemba. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2024, Ufaransa ikaufunga ubalozi wake Niamey. Kambi na ubalozi vyote vikaenda.

Marekani ilicheza karata nyingine. Haikuyaita mapinduzi kwa jina lake mpaka Oktoba 2023, kwa sababu sheria yao inalazimisha misaada ikatwe neno hilo likishatamkwa. Walikuwa na mali ya kulinda: kituo cha Agadez, kwa jina la kijeshi 201, kilijengwa jangwani kwa takriban dola milioni 110 na kilikuwa kikirusha ndege zisizo na rubani tangu 2019. Wakaendelea kuzungumza. Machi 2024 wakatuma ujumbe mzito, Molly Phee wa wizara ya mambo ya nje na Jenerali Michael Langley wa kamandi yao ya Afrika. Ujumbe ulikaa siku tatu na Jenerali Tiani hakuonana nao. Siku mbili baadaye ndipo Abdramane akasoma lile tamko.

Mengi ya aliyoyasema yalikuwa malalamiko ya adabu. Kwamba wageni hawakusema wanakuja akina nani, lini, kwa ajenda gani. Kwamba walizungumza kwa dharau, wakitaka kuichagulia Niger marafiki. Kwa lugha ya kwetu: waliingia bila kupiga hodi, kisha wakaanza kuuliza kwa nini jirani yumo sebuleni. Mimi sisemi hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Warusi walikuwa wameshaanza kubisha mlango wa pili, na Marekani ilikuwa na hofu kwamba Niger ingeiuzia Iran urani, madini ya nyuklia, jambo ambalo Niger ililikanusha. Lakini mtu akikupa sababu yake hadharani, iandike kwanza kama alivyoitoa, uchambuzi utafuata.

Pamoja na yote hayo ubalozi wa Marekani Niamey ulibaki wazi. Kituo cha Niamey kilikabidhiwa tarehe 7 Julai, cha Agadez tarehe 5 Agosti, na hesabu ikafungwa katikati ya Septemba. Kwa hiyo ukiulizwa matokeo ya kidiplomasia ni yapi, usijibu kwa idadi ya askari. Angalia bendera iliyo juu ya jengo la ubalozi, na kama aliye ndani ni balozi kamili au kaimu.

Andika nani alitamka kwanza

Kwenye daftari langu kila ukurasa una mstari wa kalenda: tarehe, aliyesema, alisemea wapi. Unaonekana upuuzi mpaka siku wakubwa watakapoanza kugombea nani aliamua.

Tarehe 28 Novemba 2024, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Jean-Noël Barrot, alikuwa N'Djamena, mji mkuu wa Chad. Saa chache baada ya kumaliza ziara yake, Chad ikatangaza kwamba inavunja mkataba wa ulinzi na Ufaransa. Siku hiyohiyo, Rais Bassirou Diomaye Faye wa Senegal, akihojiwa na vyombo vya habari vya Ufaransa, akasema nchi yake haiwezi kuwa na mamlaka kamili huku ina kambi za kigeni. Siku tatu baadaye Senegal ilikuwa inaadhimisha miaka 80 ya mauaji ya Thiaroye, ambako jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi wanajeshi wa Kiafrika waliokuwa wakidai malipo yao. Hiyo tarehe haikuangukia hapo kwa bahati, au tuseme, mimi nikiwa rais wa Senegal nisingeiacha ipite.

Sasa njoo tarehe 6 Januari 2025. Macron akiwahutubia mabalozi wake akasema Ufaransa ndiyo iliyopendekeza kupanga upya majeshi yake, kwamba kwa adabu tu iliwaachia Waafrika watangulie kutangaza, na kwamba baadhi ya viongozi wa Afrika walisahau kusema asante. Dakar na N'Djamena zikawaka moto. Waziri mkuu wa Senegal, Ousmane Sonko, akajibu kwamba hapakuwa na mazungumzo yoyote ya namna hiyo, Senegal iliamua yenyewe kama nchi huru.

Nani mkweli? Mtu mwenye kalenda ana la kusema. Ni kweli Macron alikuwa na mjumbe maalumu, Jean-Marie Bockel, aliyetumwa kutafuta namna ya kupunguza majeshi, na ripoti yake aliikabidhi siku tatu tu kabla ya tangazo la Chad. Mpango wa kupunguza ulikuwapo. Ila kupunguza ni kubaki na kidogo, na Chad haikutaka kidogo. Ukiandika "Ufaransa yapunguza majeshi Chad" umeegemea Paris. Ukiandika "Chad yavunja mkataba" umeandika kilichotokea.

Na ukichora mshale kutoka ukurasa hadi ukurasa utaona kitu ambacho habari ya siku moja haikuonyeshi. Askari wa mwisho wa Ufaransa alitoka Mali tarehe 15 Agosti 2022; msafara ulivuka mpaka kuingia Niger. Mwaka uliofuata wakaondoshwa Niger, na misafara ya barabarani ikaelekea Chad. Tarehe 30 Januari 2025 wakakabidhi kambi ya mwisho ya Chad. Kila walikohamia, hodi ilifuata nyuma yao.

Kilichobaki ni kipi?

"Kupunguza" si "kufunga", na tangazo si tendo. Julai 2020 waziri wa ulinzi wa Marekani, Mark Esper, alitangaza kuondoa karibu askari 12,000 Ujerumani, kutoka kama 36,000 wabaki 24,000. Zaidi ya 5,000 wangepelekwa nchi nyingine za NATO, waliosalia warudi kwao. Esper alisema ni mkakati. Rais Trump akasema ni kwa sababu Wajerumani hawalipi inavyopasa. Hapo waziri na rais wake walikuwa wanatafsiri tukio moja kwa vitenzi viwili, na Berlin ilisikia cha rais. Februari 2021 Rais Biden akausimamisha mpango. Askari hawakuhama, lakini Wajerumani walikuwa wameshasikia kwamba kambi inaweza kugeuzwa fimbo, na neno likishatoka halirudi mdomoni.

Côte d'Ivoire ni namna nyingine. Rais Ouattara alitangaza kwenye hotuba ya mwisho wa mwaka 2024 kwamba Wafaransa wanaondoka. Februari 2025 kambi ya Port-Bouët ikakabidhiwa na kupewa jina la mkuu wa kwanza wa majeshi ya nchi hiyo, Thomas d'Aquin Ouattara. Wakufunzi wachache wa Kifaransa walibaki. Gabon wakageuza kambi kuwa ya pamoja. Huko hakuna aliyemtukana mwenzake, ndiyo maana habari yenyewe hukuisikia.

Muulize muuza vinyago

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuza vinyago mjini miaka ya themanini, wakati ambapo Kenya ilikuwa imekubaliana na Marekani, tangu 1980, meli zake za kivita zitumie bandari ya Mombasa. Meli kubwa ikitia nanga Kilindini, alituambia, duma wa mti aliyekuwa shilingi ishirini asubuhi alikuwa mia jioni. Meli zilipoadimika alijua kabla ya gazeti. "Hawa wamegombana huko kwao," alikuwa akisema, au "wamepata bandari nyingine." Mara nyingi alikosea sababu, lakini hakuwahi kukosea tukio.

Kwa hiyo tafuta pesa. Djibouti inakodisha ardhi kwa Wafaransa, Wamarekani, Wachina na wengine, na Wafaransa waliposaini upya mwaka 2024 kodi yao ilitajwa kuwa euro milioni 85 kwa mwaka. Nchi yenye wapangaji wengi haimwogopi mmoja akihama. Nchi yenye mpangaji mmoja ina hesabu nyingine: mpishi, fundi wa umeme, dereva, mama wa duka la jirani. Kambi ikifungwa, mafao ya wafanyakazi hao yanakuwa ajenda ya mabalozi, na uchafu uliobaki ardhini pia.

Usiharakishe kumtaja mgeni mpya

Aprili 2024 wakufunzi wa kijeshi wa Urusi walitua Niamey. Mwanzoni mwa Mei ikathibitishwa kwamba wamo katika kituo kilekile cha ndege walimo Wamarekani, ila jengo tofauti. Waziri wa ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, akasema hilo si tatizo kubwa, Warusi hawana njia ya kuwafikia askari wake. Vijana wangu wakataka kuandika "Urusi yachukua nafasi ya Marekani." Nikawauliza: droni za Agadez zimepata nani wa kuzirusha? Kimya. Mgeni mpya akija na wakufunzi mia, hajachukua nafasi ya kituo cha kupeleleza jangwa zima. Amechukua nafasi kwenye picha. Nayo picha ina uzito katika diplomasia, ila iite picha.

Sherehe: tazama mikono

Tarehe 17 Julai 2025 Dakar, Jenerali Pascal Ianni wa Ufaransa alimkabidhi mkuu wa majeshi ya Senegal, Jenerali Mbaye Cissé, ufunguo wa kambi ya Geille. Majenerali wawili, ufunguo, gwaride, hotuba. Ufaransa iliendelea kuwa na askari Senegal hata baada ya uhuru wa 1960. Waliobaki walikuwa kama 350. Kijana wa zamu akaniletea kichwa cha habari: "Ufaransa yatimuliwa Senegal." Nikamwambia arudishe video nyuma, atazame mkono wa kulia wa Ianni. Anayetimuliwa hapewi gwaride. Nikamwonyesha na picha za Mali, lori zikivuka mpaka kwenye vumbi bila jenerali wa Mali hata mmoja kusimama pembeni. Akaenda akaandika "yakabidhi". Na uhusiano wa Dakar na Paris, pamoja na maneno makali yote ya Januari, unaendelea.

Acha faili wazi

Ukurasa wangu mrefu kuliko zote ni wa nchi ambayo haipo hata karibu na bara letu: Ufilipino. Tarehe 16 Septemba 1991 Seneti yao ilipiga kura 12 kwa 11 kukataa mkataba mpya ambao ungeiacha Marekani katika bandari ya Subic miaka mingine kumi kwa dola milioni 203 kila mwaka. Kambi ya Clark, ya ndege za kivita za Marekani, ilikuwa imeshafunikwa na majivu ya volkano ya Pinatubo miezi mitatu kabla. Tarehe 24 Novemba 1992 meli ya mwisho ikaondoka Subic. Meya wa Olongapo, mji ulio jirani na Subic, Richard Gordon, aliwakusanya maelfu ya watu wa kujitolea kulinda majengo yasiporwe, na mahali pale pakafanywa bandari huru ya biashara.

Mwandishi wa 1992 angefunga faili akalala. Mwanzoni mwa 1995 ikagundulika kwamba China imejenga juu ya mwamba wa Mischief, katika bahari ambayo Ufilipino inaihesabu kuwa yake. Mwaka 1998 Manila na Washington zikasaini makubaliano mapya ya askari wageni wanaokuja kwa mazoezi. Mwaka 2014 mengine tena, ya Wamarekani kutumia kambi za Wafilipino wenyewe bila kuwa na kambi yao. Mwaka 2023 sehemu nne zikaongezwa, zikawa tisa. Hapo mistari ya ukurasa ilikuwa imekwisha, nikabandika karatasi nyingine chini kwa gundi, nikaacha nafasi.